Umeambiwa utapasuliwa kwa roboti? Anza hapa

Umetoka kwa daktari na neno moja limekuganda kichwani: roboti. Karatasi inasema saratani ya puru. Nyumbani kikao cha familia kimeshaanza. Shangazi anataja India. Kaka anauliza kiwanja cha Kibaha kitauzwa kwa bei gani.

Tulia. Kiwanja hakina miguu. Nenda dukani ununue kaunta buku moja na kalamu mbili. Kila kitu utakachoelekezwa hapa kinaingia humo. Swali la kiwanja tutalifikia, ila si leo.

Hakikisha ugonjwa wako ni wa roboti

Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, kama sentimita 15 hivi kutoka mlango wa haja kubwa kwenda juu. Kimebanwa ndani ya nyonga. Mbele yake kuna kibofu, na tezi dume au mji wa mimba. Pembeni inapita mishipa ya fahamu ya mkojo na ya tendo la ndoa. Nafasi ni finyu na majirani ni wengi. Kupasua mahali hapo ndiko kunakofanya watu waifikirie roboti.

Bawasiri haihitaji roboti. Wala mchaniko wa njia ya haja kubwa. Ukitajiwa roboti kwa bawasiri, shukuru, chukua karatasi zako, katafute ushauri kwingine.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Unatokwa damu, unaandikiwa dawa ya bawasiri, miezi inapita, na hakuna aliyevaa glavu akakupima kwa kidole. Omba kipimo hicho wewe mwenyewe. Kinakwisha kabla hujamaliza kuona aibu.

Damu ikiendelea, choo kikawa chembamba, au ukitoka msalani ukahisi kuna kitu kimebaki, omba kolonoskopi. Ni kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Wakiona uvimbe, wanachukua kinyama papo hapo kikapimwe. Mficha uchi hazai.

Kama tatizo lako ni puru kutoka nje, upasuaji upo: puru inavutwa juu na kushikizwa kwenye mfupa wa nyuma wa nyonga, mara nyingi kwa wavu mdogo. Roboti inaweza kutumika, lakini upasuaji wa kawaida wa matundu madogo unaifanya kazi hiyo vizuri. Usijiingize kwenye deni kwa hilo.

Ielewe mashine kwa dakika mbili

Anayekupasua ni daktari. Amekaa kwenye kiti hatua chache kutoka kitandani kwako, macho kwenye skrini, vidole kwenye vishikio. Akisogeza vidole, chombo ndani ya tumbo lako kinasogea. Akitulia, nacho kinatulia. Mashine haiamui chochote.

Inayojulikana zaidi ni da Vinci ya kampuni ya Intuitive Surgical ya Marekani, iliyopata kibali huko mwaka 2000. Ina mikono minne. Mmoja unabeba kamera inayokuza picha na kuonyesha kina. Mingine inabeba vyombo vyembamba vyenye kifundo kinachopinda kila upande. Mtetemo wa mkono wa daktari unachujwa usifike ndani. Kwenye nyonga nyembamba, hasa ya mwanamume mnene, msaada huo si mdogo.

Sasa andika tafiti mbili. ROLARR, iliyotoka mwaka 2017, ililinganisha wagonjwa 471 kutoka nchi 10. Waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya kazi walikuwa asilimia 8.1 upande wa roboti na asilimia 12.2 upande wa matundu ya kawaida. Tofauti hiyo haikutosha kumtangaza mshindi.

REAL, ya China, ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 1,100 wenye saratani ya katikati na chini ya puru. Baada ya miaka mitatu, saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 1.6 ya waliopasuliwa kwa roboti, dhidi ya asilimia 4 ya waliopasuliwa kwa matundu. Madaktari wa REAL walikuwa wazoefu wa roboti. Pigia mstari sentensi hiyo.

Tafsiri yake kwako ni hii: mkono mzoefu kwenye matundu unaushinda mkono mgeni kwenye roboti. Cherehani mpya haijawahi kumfanya mtu fundi.

Usipokee tarehe kabla ya vipimo hivi

Andika orodha, weka alama kila kimoja kikikamilika: majibu ya kinyama, kolonoskopi ya utumbo mzima, MRI ya nyonga, CT ya kifua na tumbo, na kipimo cha damu cha CEA, protini inayosaidia kufuatilia saratani.

MRI ndiyo ramani. Inaonyesha uvimbe uko umbali gani kutoka mlangoni, umekaribia ukingo wa kukatia kiasi gani, na kama tezi za jirani zimeguswa. Ukiambiwa upasuaji ni wiki ijayo na MRI ya nyonga haijapigwa, uliza kwa nini.

Kisha uliza: "Daktari, mimi nahitaji mionzi kwanza?" Uvimbe uliokwenda mbali kwa kawaida hupunguzwa kwanza kwa mionzi, pamoja na dawa za kemo. Ratiba ya mionzi iko ya siku 5 na iko ya wiki kama 5. Huhitaji kupanda ndege kwa hili. Hospitali ya Ocean Road pale Dar es Salaam, ya Kenyatta pale Nairobi na Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Kampala wanatoa mionzi.

Ukimaliza mionzi, rudia MRI na kamera kabla ya kisu. Kwa baadhi ya watu uvimbe hutoweka kabisa. Angelita Habr-Gama, daktari wa São Paulo, Brazil, ndiye aliyewazoesha wenzake kuuliza kama mtu wa namna hiyo kweli anahitaji kupasuliwa. Leo wapo wanaobaki na puru yao na kufuatiliwa kwa karibu. Uliza kama wewe ni mmojawapo.

Omba pia kinyama kipimwe MMR, yaani kama uwezo wa seli kurekebisha makosa ya DNA una kasoro. Wachache hukutwa na kasoro hiyo, na kwao kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili. Mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilitangaza wagonjwa 12 wa aina hiyo waliomaliza dawa. Wote 12 uvimbe ulitoweka bila upasuaji.

Bado unataka mtoto? Sema kabla ya mionzi. Mionzi ya nyonga inaweza kuharibu uzazi. Mbegu au mayai huhifadhiwa kabla. Baada ya mionzi umechelewa.

Muulize daktari maswali sita

Andika maswali upande wa kushoto wa ukurasa, acha kulia wazi kwa majibu. Nenda na ndugu mmoja mwenye masikio. Wewe siku hiyo utasikia nusu tu.

Moja: umefanya pasuaji ngapi za puru kwa roboti, na mwaka jana pekee ni ngapi? Mbili: wangapi kati yao ulilazimika kuwafungua tumbo? Tatu: wangapi maungio yao, pale utumbo ulipounganishwa tena baada ya kukatwa, yalivuja? Kwa maungio ya chini kabisa, mmoja kati ya kumi ni jibu la kawaida. Anayekwambia hajawahi kuvujisha, ama hajafanya nyingi, ama hahesabu.

Nne: siku hiyo nani atakaa kwenye kiti, wewe au mwanafunzi wako? Tano: msuli wangu wa kubana choo utabaki? Uvimbe ukiwa umekaa juu ya msuli wenyewe, huenda ukabaki na mfuko wa choo maisha yote. Ni bora ulijue leo kuliko kuamka nalo. Sita: mashine ikigoma katikati, mnafanyaje? Jibu linapaswa kuja haraka, maana timu nzuri imeshalifanyia mazoezi.

Daktari anayejiamini hakasirikii maswali haya. Anayekasirika naye amekujibu.

Sasa tuongelee kiwanja

Ita kikao. Weka mbele mambo matatu: MRI, majibu ya maswali sita, na bei kwa maandishi.

Bei ya simu si bei. Omba orodha: mashine na vyombo vyake, dawa ya usingizi, ICU kama itahitajika, damu, maabara ya kinyama, mifuko ya stoma (tundu la tumboni la kutolea choo), na upasuaji wa pili wa kufunga stoma. Huo wa pili ndio watu husahau, halafu unawakuta mfuko wa fedha umekauka. Kama una bima, pata kibali chenye mhuri kabla hujakata tiketi.

Kama karibu yako kuna daktari mzoefu wa matundu na uvimbe wako hauko chini sana, acha kiwanja kilipo. Kama uvimbe uko chini, nyonga ni nyembamba, na umepata mkono wenye hesabu nzuri kwenye roboti, hapo fedha ina kazi.

Usiiwazie India pekee. Kule Cape Town, hospitali za umma za Tygerberg na Groote Schuur zilianza kutumia roboti mwaka 2022. Na Kigali tangu 2023 kuna IRCAD Africa, kituo kinachofundisha madaktari upasuaji wa matundu. Uliza kwanza jirani, ndipo uvuke bahari.

Andaa mwili

Acha sigara leo. Wiki nne bila moshi kabla ya kisu zinasaidia mapafu na kidonda.

Pima wingi wa damu mapema. Uvimbe unaovuja damu hukuacha na upungufu usiouona. Wiki kadhaa za madini ya chuma, kwa vidonge au dripu, zinaweza kukuepusha kuongezewa damu.

Tembea nusu saa kila siku. Kula mayai, samaki, maharage, dagaa. Kupanda ngazi kukikutoa pumzi, anza na ngazi chache na uongeze.

Taja kila dawa unayotumia: ya sukari, ya presha, ya kuzuia damu kuganda, na ile ya kienyeji uliyoletewa na mama mkwe. Hakuna atakayekucheka. Baadhi ya mitishamba inaongeza kutoka damu, na anayekulaza usingizi anahitaji kujua.

Chagua mahali pa stoma ukiwa macho

Hili limefanyiwa uzembe mara nyingi, kwa hiyo soma polepole.

Maungio ya chini yanahitaji kupumzishwa. Daktari hutoa kipande cha utumbo mwembamba nje ya ngozi, choo kikapita kwenye mfuko. Hiyo ndiyo stoma. Ya muda hufungwa baada ya miezi miwili mitatu, au kemo ikiisha.

Kabla ya upasuaji, muuguzi akuchoree alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Usikubali uchorwe umelala tu. Lala, kaa, simama, inama. Tumbo linakunja mikunjo tofauti kila mara, na mfuko ukikaa kwenye mkunjo utavuja.

Nenda na nguo unazovaa kila siku. Kama unafunga mkanda, vaa mkanda. Kama unafunga kanga au msuli, funga pale pale unapofunga siku zote. Kama unaswali, rukuu na usujudu mbele ya muuguzi, mwone kama alama inabanwa. Kisha inamisha kichwa uitazame. Usipoiona kwa macho yako, hutaweza kuihudumia.

Siku moja kabla

Utapewa dawa ya kusafisha tumbo, unga unaochanganywa na maji mengi. Ipoze kwenye friji, kunywa kwa mrija. Kaa karibu na choo na jipake mafuta ya mgando mapema, kabla ngozi haijaanza kuwaka.

Chakula kigumu kwa kawaida huachwa saa 6 kabla. Vinywaji vya kuona ng'ambo, kama maji na chai ya rangi, mara nyingi huruhusiwa hadi saa 2 kabla. Uji si maji. Maziwa si maji. Daktari wa usingizi akikupa saa zake, fuata zake.

Waambie ndugu mambo mawili. Upasuaji huu unaweza kuchukua saa 4 hadi 6, kwa hiyo wasianze kulia saa ya tatu. Na utalazwa kichwa kikiwa chini kwa muda mrefu, kwa hiyo ukitoka uso na macho vinaweza kuwa vimevimba. Huisha.

Wodini

Utaamka na mpira wa mkojo, dripu, matundu madogo tumboni, na kidonda kimoja kikubwa kidogo palipotolewa kipande cha puru. Bega linaweza kuuma. Ni gesi waliyojaza tumboni. Kutembea huiondoa.

Kaa kwenye kiti siku ile ile ikiwezekana. Kesho yake tembea hadi mlangoni, kisha hadi mwisho wa wodi. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto tumboni.

Tafuna bigijii mara tatu kwa siku. Utumbo hudanganyika kwamba chakula kinakuja, ukaamka.

Usiruhusiwe bila kubadilisha mfuko wa stoma kwa mikono yako mara mbili, muuguzi akitazama. Pima stoma, kata tundu la mfuko likizidi kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa pana, choo kinagusa ngozi na ngozi inachomeka. Likibana, stoma inaumia. Stoma hunywea wiki za mwanzo, kwa hiyo pima upya kila wiki. Ngozi inayoizunguka ioshe kwa maji, ikauke kabisa, bila mafuta. Mafuta yatafanya mfuko usigande.

Uliza kuhusu sindano za kuzuia damu kuganda. Baada ya upasuaji wa saratani, wengi huendelea nazo nyumbani hadi siku 28.

Nyumbani na mfuko

Mwaga mfuko ukifika theluthi. Ukisubiri ujae utabanduka sokoni.

Wiki mbili za mwanzo tafuta kikombe cha kupimia na uandike kila unachomwaga. Jumla ikipita lita moja na nusu kwa siku, piga simu. Utakauka haraka kuliko unavyodhani. Hapo maji matupu hayasaidii sana. Kunywa ORS, pakti moja kwa lita moja.

Wali, ndizi, viazi na ugali hufanya choo kizito. Mahindi ya kuchoma, karanga, korosho na vipande vya nazi viache kwanza, huziba. Ukivirudia, tafuna hadi vilainike. Mwezi wa Ramadhani ukikukuta na stoma ya utumbo mwembamba, zungumza na daktari kabla ya kufunga.

Wiki 6 usibebe kitu kizito kuliko ndoo ndogo ya lita 5. Ndoo kubwa ina wenyewe, waachie.

Rudi hospitali leo, si kesho

Nakili haya kwenye jalada la ndani la daftari: homa ya nyuzi 38 na zaidi, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, moyo kwenda mbio umekaa, tumbo kujaa na kutapika, usaha kutoka njia ya haja kubwa, stoma kuwa nyeusi au kutotoa chochote, mguu mmoja kuvimba, pumzi kukatika ghafla. Maungio yakivuja, saa chache zina uzito.

Kama ulipasuliwa nje ya nchi, usipande ndege bila ruhusa ya aliyekupasua. Ondoka na taarifa ya upasuaji, majibu ya maabara, CD ya MRI na CT, na namba ya mtu atakayepokea simu. Daktari wa huku hawezi kusoma tumbo lako kwa kukisia.

Majibu na siku za mbele

Maabara ikileta majibu, tafuta vitu viwili. Ukingo: saratani ilifika ukingoni au la? Tezi: zimehesabiwa ngapi? Kumi na mbili au zaidi ndicho kipimo, ingawa mionzi huweza kuzipunguza.

Stoma ikifungwa, usitarajie choo cha zamani. Utakwenda mara nyingi, kwa haraka, kidogo kidogo. Fanya mazoezi ya kubana msuli kila siku, kula kwa saa zilezile, uliza vidonge vya kuzuia kuharisha kabla ya safari, beba nguo ya akiba. Hali huendelea kutulia kwa mwaka mmoja hadi miwili.

Nguvu za kiume zikipungua, au tendo likiuma, sema. Ile mishipa ya pembeni huenda imeguswa, na kuna matibabu.

Ufuatiliaji ni miaka 5: CEA kila miezi michache, CT kwa ratiba, kolonoskopi baada ya mwaka wa kwanza. Andika tarehe zote sasa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari acha kwa wengine. Andika majina ya wazazi, ndugu zako na watoto, na umri wa kila mmoja. Wao wanahitaji kolonoskopi wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri uliougua wewe, chochote kitakachotangulia. Uligunduliwa ukiwa na 45? Basi mdogo wako wa miaka 36 ameshachelewa mwaka mmoja. Ita tena kile kikao, kaka na shangazi wakiwemo, na usome majina kwa sauti.